Mwaka Nilipokataa Yaishe

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Ambakisye kule Bigwa, na msemaji wa familia, kijana mwenye tai na karatasi mkononi, akanitambulisha kwa waombolezaji kuwa ni "rafiki wa siku nyingi wa marehemu." Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wazee wenzangu, nikajikuta nimeshanyoosha mkono ili nimsahihishe. Sekela, binti wa marehemu, akaniwahi. Alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Shangazi, acha tu." Nikaacha, kwa heshima ya maiti. Lakini hapa nyumbani kwangu hakuna wa kunishika kiwiko, kwa hiyo nitasema. Hatukuwa marafiki. Mzee Ambakisye aliwahi kuniita tapeli mbele ya watu, mchana kweupe, nami sikulia wala sikuhama mji. Nilimpeleka kwenye usuluhishi, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu baada ya hapo tulisalimiana kwa heshima ambayo marafiki wengi hawaijui. Vijana wa udalali wa siku hizi, wenye simu mbili mbili na picha za viwanja, huniuliza nilianzaje. Nilizaliwa wapi na nani haiwahusu. Ninawapa mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya ruksa. Nguo za mitumba zilikuwa ruksa, maduka ya watu binafsi yalikuwa ruksa, na watu walioishi kwenye nyumba za shirika na za kiwanda tangu ujana wao waligundua ghafla kwamba lazima wawe na paa lao wenyewe. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kilianza kupunguza watu, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu msimamizi hakupenda mdomo wangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Nikaenda kukaa kwenye benchi la madalali, nje ya mgahawa wa Mama Chausiku, kando ya soko, mahali ambapo palikuwa na wanaume watano, kofia tano, na vikombe vya kahawa ambavyo havikuisha. Walinicheka. Mmoja aliniuliza nitapandaje mlima na gauni langu kwenda kuonyesha kiwanja. Nikamjibu kwamba mama yake alipanda mlima huo huo na gauni, tena yeye akiwa mgongoni. Hawakunitania tena kuhusu gauni. Kile wasichokijua ni kwamba wanawake wenye nyumba walikuwa wamechoka kufungulia milango wanaume wasiowajua, na kabla mvua za vuli hazijaanza nilikuwa nimekabidhiwa funguo za vyumba kumi na viwili vya kupangisha, kuanzia Kilakala mpaka njia ya Mazimbu. Nilizivaa shingoni kwa kamba ya katani, zikilia nikitembea, na nilipenda zilie.

Mzee Ambakisye alikuja benchini akitaka kiwanja. Alikuwa gadi wa treni aliyekaribia kustaafu, mtu wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Watu wa Kingolwira walisema akitoa tangazo stesheni ya mjini, wao huko mbali walimsikia na hawakuhitaji saa. Alitaka mahali penye maji na kijani pa kumkumbusha kwao. Nikampeleka Bigwa, chini kabisa ya mlima, penye kijito na mifenesi minne mikubwa. Akasimama chini ya mfenesi mmoja, akavuta pumzi, akasema, "Hapa." Mkewe, Mama Sekela, alichota udongo akaunusa. Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililotukwaza sote. Kwetu Waluguru udongo unafuata mama. Ukoo wa mama, tunaouita lukolo, ndio wenye ardhi, na mjomba ndiye anayeisemea. Mwanamume akioa anaweza kulima kwenye udongo wa ukoo wa mkewe mpaka azeeke, lakini udongo hauwi wake. Mti alioupanda kwa mkono wake, huo ni wake, hata mke akifa na yeye akihama. Udongo una mwenyewe na mti una mwenyewe. Hayo nimeyajua tangu sijaota meno ya pili.

Basi nikafanya kazi yangu vizuri, na bado nasema niliifanya vizuri. Nilimtafuta mjomba mwenye udongo, nikahakikisha dada zake wameridhia, nikamleta mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi watatu, na makubaliano yakaandikwa kwa kalamu ya wino. Madalali wengine wakati ule walikuwa wanauza kiwanja cha mtu aliye safarini. Mimi nilijiona malaika. Wiki mbili baadaye Mzee Ambakisye akaleta mafundi wamchimbie msingi, na kwa kuwa mfenesi mmoja ulikuwa umesimama pale anapotaka sebule, akaukata. Kesho yake asubuhi alishuka kutoka juu mlimani mzee mmoja, Mzee Shomari, pamoja na wajukuu zake wawili, akakaa juu ya kisiki na kuuliza kwa utaratibu ni nani mwizi aliyekata mti wake. Majirani wote walikuja, na wote walisema mti ni wa Shomari, aliupanda alipokuwa ameoa hapo. Mzee Ambakisye, mtu ambaye katika miaka yake yote ya reli hakuwahi kupotelewa na kifurushi cha abiria, akaitwa mwizi mbele ya mkewe, kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Hakudai fedha zake. Laiti angezidai, ningejua la kufanya. Aliacha msingi ulivyo, akaja mpaka kwenye mgahawa wa Mama Chausiku wakati soko limejaa, akasimama mbele ya benchi na kutoa ile sauti ya stesheni. "Huyu binti ni tapeli! Ameniuzia mali ya mtu! Msimpe nyumba zenu!" Soko zima liligeuka. Nilijaribu kusema, lakini nani atashindana na sauti ile? Alipoondoka, wanaume wa benchini walitazama kahawa zao. Jioni ile ile mama mmoja wa Kilakala alikuja kuchukua ufunguo wake, akisema eti mdogo wake anakuja kukaa. Kesho yake wakaja wawili. Mpaka Ijumaa kamba ya shingoni mwangu ilikuwa na ufunguo mmoja, wa chumba changu mwenyewe. Dalali hana duka wala mashine. Ana jina tu, na langu lilikuwa limetupwa chini. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Sikuhuzunika, niseme wazi, nilikasirika, na hasira ile ndiyo iliyonisimamisha.

Kituo cha polisi walishamwambia Mzee Ambakisye kwamba hilo ni jambo la madai, aende mahakamani, na mahakamani kesi za ardhi zilikuwa zinazeeka pamoja na wenyewe. Jumapili nikaenda nyumbani kwake, kwenye nyumba za reli. Walikuwa mezani, ndizi zilizopikwa kwa maharage zinafuka moshi, na Mama Sekela, kwa mazoea ya ukarimu, akaniwekea sahani kabla hajakumbuka kwamba mimi ni adui. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi?"

"Sikuja kuomba radhi. Umesema mimi ni tapeli. Twende kwa watu tuwaeleze, wewe useme na mimi niseme, waamue. Kama ni tapeli, nitaacha udalali na mji huu sitaonekana tena. Kama siyo, utasema."

"Watu gani?"

"Chagua mmoja unayemwamini. Mimi nichague wangu. Hao wawili wachague wa tatu."

Alinitazama huku ametulia na kijiko mkononi. Mama Sekela akasema, "Baba Sekela, binti amesema la maana. Au unaogopa?" Akakubali, nadhani kwa sababu ya neno hilo la mwisho.

Yeye akamchagua Bwana Kapinga, Mngoni aliyekuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa, mtu mkali wa kanisani. Mimi nikamchagua Bi Tatu, mama wa Kiluguru aliyekuwa anashusha mboga kutoka mlimani, mwanamke ambaye hata mabwana shamba walimwogopa. Nilimchagua kwa sababu nilijua atakuwa upande wangu. Hao wawili wakamchagua Mwalimu Kibwana wa Kilakala, aliyestaafu kufundisha shule ya msingi na ambaye wapangaji, wenye nyumba na hata ndugu waliogombea mirathi walikuwa wakimwendea. Sebule yake naikumbuka mpaka leo: viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa chake, ramani ya Afrika iliyopauka, na dirisha lililotazama mlima ambao kila alasiri ulivaa wingu. Kabla ya chochote Mwalimu alituandikisha karatasi ya daftari, nikaweka saini na Mzee akaweka yake. Uamuzi wowote utakaotoka, tutaufuata sote. Mmoja akisema, mwingine hamkatizi. Hakuna atakayemwendea msuluhishi peke yake, hata kumjulia hali. Na chakula cha kikao kitaletwa na pande zote mbili, kipikwe kwenye sufuria moja na mke wa Mwalimu, kwa sababu, alisema, msuluhishi aliyekula kwa upande mmoja ameshaamua. Mimi nikaleta magimbi na mboga, Mzee Ambakisye akaleta nyama.

Siku ya kwanza alianza yeye, na alisema vizuri mno. Hakupaza sauti. Alieleza alivyoitwa mwizi na mkewe akisikia, na nilipomtazama Mama Sekela aliyekaa mkekani niliona ameinamisha kichwa. Halafu Bi Tatu akamuuliza, "Kabla hujaweka shoka, uliuliza mti ni wa nani?"

"Niulize nini, mama? Mti uko kwenye kiwanja changu."

Bi Tatu akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Haya. Zuhura, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu anajua, Bi Tatu."

Bwana Kapinga akaondoa miwani. "Mimi nimeishi mkoa huu miaka mingi kuliko umri wako, binti. Nimejenga, nimelima, nimezika. Sijawahi kujua hilo." Nilijisikia kama mtu aliyepanga hesabu yake vizuri akakuta kitabu chenyewe ni cha darasa lingine. Sijawahi kuyasahau maneno yale, na sijawahi kuyaonea aibu pia, kwa sababu mtu mzima anayesema hajawahi kukosea kwa kujua sana mambo ya kwao ni mwongo.

Mapumziko ya chai ndipo nilipokasirika upya. Nilikuwa uani nanawa mikono, wasuluhishi wako ndani, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nikamsikia Bwana Kapinga akisema, "Msichana ndiyo kwanza anaanza. Apige magoti, aombe radhi, mzee amsamehe, yaishe. Kesho kutwa ataolewa, udalali wenyewe atausahau." Mwalimu akaguna, akasema, "Itatupunguzia siku." Nikangoja Bi Tatu wangu awararue. Nilimsikia akivuta pumzi. "Chai imepoa," akasema, basi. Nilisimama pale na maji yakinichuruzika kwenye viwiko. Neno hilo, yaishe, nimelisikia maisha yangu yote. Mke amepigwa, yaishe. Yatima amenyang'anywa, yaishe. Huwa linasemwa kwa sauti laini, na anayeambiwa huwa ni yule yule asiye na pa kwenda. Tuliporudi sebuleni Mwalimu alituletea pendekezo hilo kwa maneno mazuri ya hekima, na kabla hajamaliza nilikuwa nimesimama.

"Samahani, Mwalimu, shikamoo tena. Sitaki yaishe. Nataka yaamuliwe. Nikiomba radhi bila uamuzi, nitakuwa tapeli aliyesamehewa. Nani anampa tapeli aliyesamehewa ufunguo wa nyumba yake?"

Bwana Kapinga akaanza kusema juu ya adabu. Hapo Mzee Ambakisye naye akasimama, kichwa chake karibu kigonge taa.

"Hata mimi sitaki," akasema. "Huyu binti simpendi, lakini kwa hilo nipo naye. Mimi nimeitwa mwizi. Nikimsamehe leo, kesho mimi bado ni mwizi kule Bigwa. Semeni nani kakosa, na kakosa nini. Ndilo tulilolisainia."

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, kisha akaagiza kikao kiendelee. Siku ile sikula pale. Mke wa Mwalimu alinifungia magimbi yangu na nyama ya adui kwenye jani la mgomba, nikayala njiani, na lazima nikiri yalikuwa matamu.

Kikao cha pili tulikifanya kiwanjani, kwa sababu Mwalimu alisema hawezi kuamua mti asiouona. Tulimkuta Mzee Shomari ameshafika, amekaa kwenye kisiki kile kile. Mwalimu alimwomba aeleze, na akaeleza bila haraka, kwa ile lafudhi ya juu mlimani. Alioa hapo akiwa kijana. Akapanda mifenesi minne. Mkewe alipofariki, udongo ukabaki kwa ukoo wake, yeye akarudi juu kwa dada zake, kama ilivyo. "Udongo wao. Sina neno na udongo. Nashuka kila msimu nachuma mafenesi yangu, narudi. Fenesi la kwanza la mti huu alilila marehemu, akasema lina nyuzi nyingi. Mimi nikamwambia, hata wewe." Bi Tatu akatazama pembeni. Mzee Ambakisye akavua kofia. Nilimwona akikizunguka kile kisiki polepole, kama mtu aliyekanyaga kaburi bila kujua.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata, sebuleni, mvua ikipiga bati mpaka Mwalimu akalazimika kungoja ipungue. Alisema kila msuluhishi ataeleza alivyoona. Akaanza Bi Tatu, niliyemchagua mimi, na hakunitazama usoni alipoanza, ila alinitazama alipomaliza. "Zuhura amekosa. Aliyajua yote, akamwambia mgeni nusu. Mwenyeji haoni haja ya kusema anachokijua kila siku. Ndiyo maana watu wanamtafuta dalali. Kama dalali naye atanyamaza, basi ni wa nini?" Nilisikia masikio yanawaka moto. Halafu Bwana Kapinga, mtu wa Mzee Ambakisye, akafungua karatasi yake. "Tapeli ni mtu anayejua unachohitaji kukijua, akakuficha ili ale. Nimemchunguza huyu binti kwa nia ya kumkuta hivyo. Sikumkuta. Hakuficha. Hakujua kwamba mwenzake hajui. Bwana Ambakisye amemwita jina lisilo lake, na amelisema kwa sauti kubwa kuliko alivyochunguza." Mwalimu akafunga hesabu. Mimi nitapanda kwa Mzee Shomari pamoja na mteja wangu, nitasema kosa ni langu, na nitaandikisha makubaliano ya ile mifenesi mitatu iliyobaki: Shomari atachuma maisha yake yote, na Ambakisye hataikata. Majirani wa Bigwa wataitwa waambiwe kwamba aliyekata mti si mwizi. Na Ambakisye atakwenda pale pale sokoni, wakati ule ule, kwa sauti ile ile, na kulirudisha neno lake.

Kuna watu wataniuliza kama nilimsamehe Bi Tatu. Kwa mwaka mzima sikununua hata fungu la mchicha kwake. Leo najua alinipa kitu ambacho mtetezi asingenipa: kwa sababu mtu wangu mwenyewe alisema nimekosa, hakuna aliyeweza kusema kwamba kusafishwa kwangu kulikuwa kwa upendeleo. Lakini kujua hivyo ni kwa leo. Siku ile niliona amenichoma kisu, na sitamdanganya msomaji kwamba niliinua macho mbinguni nikashukuru. Nilipanda mlima na Mzee Ambakisye, yeye mbele mimi nyuma, saa nzima ya kupanda, na huko juu nilisema, "Mzee Shomari, kosa ni langu, sikumweleza mgeni wangu," na nilisema nikiwa nimesimama. Mzee Shomari alituletea viti vya miguu mitatu na uji wa moto, akasikiliza makubaliano yakisomwa mara mbili, akabonyeza dole gumba. Tangu hapo sijamwonyesha mtu kiwanja bila kumuuliza mwenyeji maswali matatu mbele yake: udongo wa nani, miti ya nani, na nani amezikwa hapa. Madalali wenzangu walinicheka kwa hilo pia.

Ikabaki zamu yake. Alikuja Jumamosi, soko limefurika, amevaa shati lililopigwa pasi, Mama Sekela nyuma yake. Wasuluhishi watatu walikuwa wamesimama mlangoni kwa Mama Chausiku. Mzee Ambakisye akasimama mbele ya benchi, mahali pale pale, akakohoa. "Huyu binti si tapeli," akasema. "Alikosa kwa kutonieleza. Na mimi nilikosa kwa kumwita jina lisilo lake." Vikombe viliwekwa chini. Mama mmoja akapiga kigelegele kidogo, akakikatisha. Watu walikuwa wananitazama, na nilijua wanachongojea. Mama Chausiku alinisukuma mgongoni, akaninong'oneza, "Piga goti basi, mwanangu, mwambie ahsante baba. Mzee wa watu amejishusha." Hata Bwana Kapinga alitikisa kichwa kunihimiza. Lakini mimi nilikuwa nimeisikia ile sauti siku ya kwanza, na hii haikuwa yenyewe. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayesali.

Nikasimama wima.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Wale wa upande wa dagaa hawajasikia. Na siku ile walisikia."

Niliona taya lake likikaza, na niliona Mama Sekela akiuma ncha ya khanga ili asicheke.

"Marahaba," akasema. Akageukia upande wa dagaa, akajaza kifua hewa, akasema tena.